Nusu ya Mgongo wa Makrye

Kwetu Namwon, huku Korea, mke wa mwanao akikusugua mgongo kwenye bafu la umma kila Jumapili, ujue umepata mtoto. Makrye, mjane mbishi aliyeuza tofu, ile jibini ya soya, tangu ujana, alimpata Suryeon, mke wa mwanawe, na alimsifia mbele ya wenzake mpaka wakamchoka.

Kisha mkanda wa jeshi ukamshika ubavu wa kushoto. Malengelenge yakakauka, ngozi ikarudi safi, lakini maumivu kuondoka, wapi! Hata fulana ikimgusa tu aliungua. Kumwambia mtu? Thubutu. Alisingizia kwamba bafuni kuna joto mno, akaacha kwenda. Siku Suryeon alipomkumbatia, alimsukuma. Maskini binti wa watu akajifungia jikoni akalia, akiamini mama mkwe amemchukia kwa kuwa hajazaa.

Kilio kile kilimuuma Makrye kuliko ubavu wenyewe. Akabisha hodi, akasema yote, na kesho yake wakaenda kwa daktari.

Daktari alieleza kwamba virusi vya tetekuwanga ya utotoni vilikuwa vimelala ndani ya neva miaka yote, na vilipoamka viliijeruhi. Vilango vidogo vya neva vinavyopitisha chumvi sasa vilifunguka ovyo, na kila vilipofunguka neva ilimwaga kemikali zake kwenye uti wa mgongo. Chembe za uti zikawa macho muda wote, mguso mwepesi zikausoma kuwa ni moto. Dawa ingepunguza kumwagika huko, taratibu, pengine si kote.

"Kwa hiyo sijawa kichaa?" Makrye aliuliza.

"Hapana, mama. Unaumwa kweli."

Suryeon akageukia dirishani kufuta machozi.

Jumapili wakarudi bafuni. Makrye aliketi kwenye kigoda, akiogopa glavu ile ya kusugulia, akiogopa zaidi kumsukuma tena yule binti. Suryeon akachuchumaa nyuma yake.

"Mama, nianzie wapi?"

"Kulia. Kushoto usiguse, mwanangu."

Akasugua kulia tu, polepole, tangu begani mpaka kiunoni. Muuza samaki mmoja, mdomo haumkai, akamtania Makrye kwamba mkwe wake siku hizi mvivu, anasugua nusu mgongo.

"Mwache," Makrye alisema, machozi yakimlengalenga. "Huyu ndiye anayejua panaponiuma."