Maisha ya Baba, Namba Mbili

Kompyuta ya ofisi yetu pale Kitui mjini ilikuwa na roho ya uchoyo. Jina la faili lilipewa herufi nane tu, basi, na hakuna kuacha nafasi katikati. Ukitaka kuandika "barua ya machifu" unakata, unakata, mpaka ibaki BARMACHI, na baada ya mwezi hujui tena kama ilikuwa ya machifu au ya machinjio.

Mimi na mwenzangu, mama mmoja niliyekuwa nikipiga chapa naye, tukajitungia sheria yetu. Kila nakala iliyosahihishwa ilipata namba mwishoni: BARUA1, BARUA2, BARUA3. Namba kubwa ndiyo ya mwisho, ndiyo ya kuchapwa. Nyingine hata usizifungue. Mwenzangu alipoacha kazi akaenda kufungua duka lake la kupiga chapa Malili, kando ya barabara kuu, aliondoka na sheria hiyo kichwani.

Kisha, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, fundi akaja kutoka Nairobi akatuwekea mfumo mpya. Sasa faili ungeiita jina refu utakavyo, na nafasi katikati, kama mtu anayeongea. Nilifurahi, sikatai. Wiki nzima niliandika majina marefu bila sababu yoyote, kama mtu aliyenunuliwa viatu akabaki kutembeatembea uani.

Wakati huo baba alikuwa anakaa kwangu Matinyani, akitibiwa hospitalini. Alijua haponi, na hakupenda kudanganywa kuhusu jambo hilo. Jumamosi moja akataka nimpeleke ofisini. Akaketi kando yangu, kofia magotini, akasimulia maisha yake kwa Kikamba nami nikapiga: kuzaliwa, kuchunga mbuzi, kubatizwa, mwaka wa njaa. Halafu akaigeuza kofia magotini. Alipoendelea alikuwa anatazama ukuta.

"Andika hivi. Mpaka wa mkonge kati ya shamba langu na la ndugu yangu, ni mimi niliyeusogeza. Yeye alisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo mbele ya wazee. Namwomba msamaha."

Vidole vyangu vilisimama. Baba na baba mdogo walikuwa hawajasalimiana tangu nikiwa shule ya msingi. Tulilelewa tukijua kwamba yule ni mwongo, tukapita mbele ya boma lake miaka yote hiyo bila kugeuza shingo.

"Si umwambie mwenyewe, baba?"

"Nimejaribu. Mdomo unakataa. Isomwe siku ya kunizika, yeye akiwa amekaa hapo. Nilimwita mwongo watu wakisikia, na hii pia wasikie." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Hiyo mashine yako haiwezi kubadilisha maneno yangu?"

"Haiwezi, baba. Mpaka mtu ayabadilishe."

Nikaihifadhi kwa jina refu: Maisha ya baba kama alivyosema.

Mtu wa kuyabadilisha alikuwa kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki, kaka alikuja ofisini akayasoma yote kwenye kioo, kisha akavua miwani. Yeye ni mzee wa kanisa, na hupenda mambo yawe safi.

"Hii haiwezi kusomwa," akasema. "Tunamzika baba ama tunamshtaki?"

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia haya ni maneno ya marehemu, si yake wala si yangu. Lakini mama alikuwa upande wake, na mazishi yalikuwa yameshapangwa. Akanisimamia nikaiondoa sehemu ya mpaka, na mahali pake tukaweka kwamba marehemu aliishi kwa amani na jirani zake wote. Hiyo ikaitwa Maisha ya baba ya kusomwa. Nililia kwa hasira nikiipiga, na kaka akadhani ni msiba.

Nikaitia kwenye disketi kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyotakiwa kuchapwa. Kisha nikaitazama ile nyingine inayobaki peke yake ofisini, nikaona uchungu. Nikaitia nayo, ili iende nyumbani pamoja na sisi.

Nyumbani kwetu ni Makueni, si mbali na Malili. Nilipita dukani kwa mwenzangu nikamwachia disketi. "Chapa Maisha ya baba," nikamwambia, "ile ya kusomwa," nikakimbia kusaidia kupika. Sikujua kwamba mashine yake, ya zamani kama ile yetu ya kwanza, haikuyaona majina marefu. Iliona herufi sita za mwanzo, kimstari chenye mawimbi, na namba ambazo mfumo wetu mpya ulizigawa wenyewe, kwa kufuata faili iliyotangulia kuingia. MAISHA~1. MAISHA~2.

Asubuhi ya mazishi mwenzangu alizileta karatasi mwenyewe, zimefungwa kwa kamba.

"Aiya! Kompyuta yenu siku hizi inajua Kikamba? Naona imeweka kwenye jina kile kimstari cha mawimbi tunachoivika ĩ yetu. Nimekuchapia namba mbili, ile ya mwisho, kama sheria yetu."

Mikono yangu ilikuwa na unga, kichwa changu kilikuwa mbali. Nilimwambia asante, na karatasi zikagawiwa watu.

Kaka alisoma kwa ile sauti yake ya kanisani. Kuzaliwa, mbuzi, ubatizo, mwaka wa njaa. Akafungua ukurasa wa pili, akasema "Mpaka wa mkonge," akakwama. Aliinua macho akanitafuta, nami nilikuwa nimeshikilia mdomo. Angeweza kuiruka sehemu hiyo. Lakini waombolezaji walikuwa na karatasi mikononi, na waliojua kusoma walikuwa wameshamtangulia. Niliona vichwa vikigeuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea nyuma alipokaa baba mdogo. Yeye hakuwa na karatasi. Hakujua kusoma.

Kaka akasoma yote mpaka kwenye msamaha.

Baba mdogo alisimama taratibu, kiganja nyuma ya sikio.

"Rudia hapo. Sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia. Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni. Kaka akarudia.

"Tena."

Safari hii kaka hakuwa na sauti ya kanisani. Alisoma kama mtoto anayesomeshwa, neno moja moja. Alipomaliza, baba mdogo alishusha kiganja, akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Basi," akasema. "Sasa tumzike ndugu yangu."