Mbwa Wangu na Gunzi la Mahindi

Siku ile chai ilinishinda kwa furaha. Mbwa wangu alikuwa anakwenda kushinda na mbwa wenzake kwa mara ya kwanza maishani, na mimi nilikuwa nimeamka tangu saa kumi na moja kumsugua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi peke yangu mtaa wa Misunkumilo, na kwa miezi mingi nilikuwa nikimwacha amefungwa mnyororo mlangoni pa jiko tangu asubuhi mpaka nirudi. Alibweka kutwa nzima, akatafuna mlango, majirani wakachoka. Ndipo nikasikia kuna mama, afisa mifugo mstaafu, anapokea mbwa wa watu mchana nyumbani kwake, upande wa kwenda Kasokola.

Mara ya kwanza nilimpeleka bila hata kuuliza masharti.

"Shikamoo mama. Nimekuletea mwanafunzi."

"Marahaba mwalimu. Kadi yake ya chanjo iko wapi?"

Nikacheka, nikidhani ananitania.

"Kichaa cha mbwa nimekiona kwa macho yangu kazini," alisema. "Hapa hapiti mbwa bila kadi, hata awe wa nani."

Akamkagua palepale nje ya geti. Alifunua masikio, akatoa kupe wawili, akatazama fizi, akapapasa tumbo. Kisha akaturudisha nyumbani. Niliondoka nimenuna. Lakini kesho yake tulipata chanjo, dawa ya minyoo na dawa ya kumwogeshea ya kuua kupe, tukaambiwa tusubiri wiki tatu chanjo ifanye kazi. Nilihesabu siku kama mtoto anayengoja Krismasi.

Hatimaye siku ile ikafika, tukaingia. Mama ana mageti mawili. La kwanza hufungwa nyuma yako kabla la pili halijafunguliwa, ili mbwa asichomoke kukimbilia barabarani. Alimvua wangu mkanda wa shingoni, maana mbwa wakicheza jino la mmoja linaweza kunasa kwenye mkanda wa mwingine, akanyongwa. Bakuli lake likawekwa alama, maji yakawekwa kivulini. Hakumwachia kundi zima. Alianza na jike mmoja mzee, mpole, wakanusana taratibu.

Wengine walipokuja mbio, mama akapaza sauti kwa Kirundi, lugha ya kwao: "Hagarara!" Wote wakasimama. Na wangu akasimama, yeye ambaye hajawahi kusikia Kirundi! Nilitamani kupiga makofi. Shuleni siku hiyo nilifundisha kutoa na kujumlisha kwa sauti ya kuimba, watoto wakanishangaa.

Wiki ya tatu ya kwenda kwa mama, mahindi mabichi yalikuwa yamejaa kila mahali. Asubuhi moja nilikula hindi la kuchemsha nimesimama, nikatupa gunzi, mbwa akalidaka. Nilimsikia akitafuna. Nilipogeuka, gunzi halikuwepo.

Getini mama aliuliza maswali yake ya kila siku. "Amekula nini? Choo je?"

"Yuko salama mama, amekunywa uji," nilijibu, nikakimbia kuwahi paredi.

Saa nne simu ikaita nikiwa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, mbwa wako hachezi. Amekataa maji, ametapika povu mara mbili. Asubuhi alikula nini?"

"Uji."

"Na nini kingine?"

Walimu wenzangu walikuwa wananitazama. "Gunzi," nilisema kwa sauti ndogo.

"Zima au kipande?"

"Sijui mama. Sikuliona tena."

"Njoo sasa hivi. Nimeshamtenga na wenzake, na daktari nimempigia."

Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa. Akauliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia ukweli. Akasema, "Nenda."

Nilimkuta mbwa amekunja mgongo, mate yanamtoka. Nikataka kumnywesha mafuta ya kula ili gunzi liteleze. Mama akanishika mkono. "Yatampalia, yaingie mapafuni. Usimpe kitu chochote." Tukapanda bodaboda mshikaki, mbwa katikati yetu, mama nyuma amemkumbatia, dereva akiuliza kila kona, "Hang'ati huyo?"

Daktari wa mifugo alimpapasa, akasema anahisi kitu kigumu tumboni, huenda akalazimika kumpasua. Alikuwa anaandaa vifaa vyake mbwa alipoinama, akakakamaa, na juu ya mabuti ya daktari yakatoka mapande mawili ya gunzi, makubwa, bado yana punje!

Nilipiga kelele. Mama naye akapiga kigelegele, na dereva wa boda, ambaye hakuwa ameondoka, akaingia kuangalia.

"Nyie, msishangilie mapema," daktari alisema, lakini alikuwa anacheka. Alitaka abaki hadi jioni, ajue kama hakuna kipande kilichoteremka kwenye utumbo. Jioni mbwa alikunywa uji mwepesi, ukakaa tumboni. Akapata choo. Mama alikichokonoa kwa kijiti, akasimama akatangaza, "Safi!" Sijawahi kufurahia neno hilo namna ile.

Tulipokuwa tunarudi nilimwomba msamaha. "Nilikuficha, mama."

"Ulikuwa unawahi paredi," alisema. "Ila ungeniambia, ningemkalia macho tangu saa moja, nisingengoja mpaka atapike. Mimi namjua anapokuwa kwangu. Ya kwako unayajua wewe."

Tangu hapo getini nasema yote, hata yasiyoulizwa: amekula dagaa, amelamba sabuni kidogo, jana alichechemea. Wenye mbwa wengine hunicheka kwenye foleni, kisha nao huanza kukumbuka ya kwao.

Baada ya siku tano za kupumzika mbwa wangu alirudi kwa mama. Geti la pili lilipofunguliwa, wenzake walimzunguka, wakamnusa kuanzia pua mpaka mkia, na ghafla kundi zima likatimka kuzunguka uwanja, yeye mbele, masikio yamelala kwa kasi. Nilishika wavu wa uzio nikicheka peke yangu.

"Mwalimu, nenda kazini!" mama aliniita.

Nikamwomba dakika moja tu. Akaninyima.