Kinga Baada ya Dadu

"Bado unamwachia yule mshonaji mtoto wako?" jirani alimuuliza Mama Kidoti huku akianika shuka. "Haya. Jana nimesikia kwa masikio yangu haya: kuna mtu kafa mle ndani, na wanaume wawili wanamgombania. Mwanamke anafuga majini yule. Shauri yako!"

Mama Kidoti alicheka kidogo tu. Alimkaza mwanawe mgongoni, akaongeza mwendo.

Alimkuta Dada, maana mtaa mzima ulimwita hivyo mshonaji, amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Hilo peke yake lilimtia wasiwasi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Usiguse meza, tafadhali."

Juu ya meza ya kukatia vitambaa kulikuwa na vifungo vimetawanyika, na dadu mbili.

"Eti kuna mtu amekufa?"

"Amekufa kweli. Yule pale." Dada alionyesha kifungo cheusi kilicholala kifudifudi.

Mama Kidoti akashusha pumzi. Kumbe ni ule mchezo! Kila Jumamosi wadogo zake Dada, kinyozi na dereva wa lori, walikuja kuucheza. Dada alisimulia safari ya hatari, wao wakawa watu wa ndani ya hadithi, kila mmoja na kifungo chake. Adui akishambulia, dadu ndizo zilizoamua. Aliutunga baada ya msiba wa mama yao. Dereva alikuwa safarini, akafika kaburi limeshafukiwa, na tangu siku hiyo kinyozi hakumsemesha popote ila kwenye meza hii.

"Jana jitu lilimvamia mtu wa kinyozi," Dada alieleza. "Dadu zikaanguka vibaya. Dereva, ambaye mtu wake ndiye mlinzi, akaruka: 'Namkinga!' Kinyozi akamwambia, 'Dadu zimeshalala, bwana. Ungesema kabla.' 'Wapi pameandikwa kabla?' 'Na wapi pameandikwa baada?' Wakanigeukia mimi."

Kanuni ilikuwa pale, imeandikwa kwa chaki ya kushonea kwenye karatasi ya kukatia gauni. Mama Kidoti, aliyeishia darasa la saba, aliisoma polepole: *Mlinzi anaweza kumkinga mwenzake aliye karibu naye, mara moja katika kila pambano.* Akairudia. Kabla wala baada havikuwemo.

"Ukasemaje?"

"Nikababaika. Kinyozi akasimama, akasema, 'Acha tu, Dada. Huyu siku zote anafika kaburi likishafukiwa.'" Dada alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Dereva akainuka hapo hapo. Ametoka, na simu kazima. Wasiporudi Jumamosi, basi tena. Sina meza nyingine ya kuwakalisha."

Mtoto alijinyonganyonga mgongoni. Mama Kidoti alimpapasa mguu, mguu ule ule alioudaka juzi Kidoti alipobiringika kutoka kitandani. Alikuwa ameshaanza kuanguka.

"Wakati unaiandika, Dada, ulitaka iwe kabla au baada?"

"Wala sikufikiria! Niliweka 'aliye karibu naye' ili wasogeze vifungo vyao pamoja. Wakivisogeza, na viti vinasogea. Ndicho nilichokuwa natafuta."

Dada akachukua chaki. Herufi alizikandamiza: *hata dadu zikishaanguka.* Akaikunja karatasi, akamnyooshea Mama Kidoti.

"Mimi nikienda, kinyozi atasema nampendelea dereva. Mpelekee wewe. Nenda na mtoto mgongoni hivyo hivyo, mbele ya mtoto hapandishi sauti. Halafu nakuomba, usimpe tu ukaondoka. Kaa kwenye benchi la wateja mpaka aisome yote."