Ukoo wa Kombe wa Kijitoni

Hasira zangu haziko mbali, hazibishi hodi. Lakini siku shangazi aliponionyesha sinia la maganda ya kombe yaliyong'arishwa, hata kugomba nilishindwa.

Nilikuwa nafundisha baiolojia Shinyanga mjini, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mhadhiri aliyenifundisha chuoni aliniomba nimkusanyie kombe wa maji baridi, wale viumbe laini wanaojifungia kati ya maganda mawili. Hakutaka maganda, alitaka nyama. Ndani ya nyama kuna vinasaba, alisema, na siku hizi kuna maabara ng'ambo zinazovisoma na kusema nani ndugu wa nani. Jambo hilo lilinikaa kichwani likagoma kutoka. Kumbe miaka yote tulikuwa tunapanga ukoo wa kombe kwa kutazama ganda, sawa na kupanga ukoo wa watu kwa kutazama kanzu!

Wa ziwani niliwapata bila taabu. Aliyenihangaisha ni mmoja mdogo, mnene wa ganda, wa kijito kilichopita nyuma ya nyumba ya shangazi, upande wa Geita. Alifanana mno na wa ziwani. Ni nduguye kweli? Nilitaka kujua, tena upesi, maana wachimbaji wadogo walikuwa wamehamia juu ya kijito, wanaoshea humo mchanga wa dhahabu, na maji yameshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilipapasa matope asubuhi nzima nikapata wachache tu. Nikawaacha kwenye ndoo kwa shangazi, nikaenda senta kutafuta spiriti ya kuwahifadhia.

Niliporudi, ndoo tupu. Shangazi alikuwa amewachemsha wote, akawatoa nyama, akasugua maganda kwa majivu. Pale kwao kombe ni ganda: zima la kukwangulia ukoko, lililovunjika la kutwangwa liwe chakula cha kuku.

"Nimekusafishia, mwanangu. Usije ukanuka kwenye basi."

"Na nyama, shangazi?"

"Bata wamekula. Wamekushukuru sana."

Jamani, nililia. Mtu mzima, mwalimu, nalia mbele ya bata.

"Unalilia nyama ya kombe? Hiyo shule imekufanya nini wewe?"

Nikamweleza kwamba yule wa kijitoni na wa ziwani nataka kujua kama ni ndugu, na bila nyama sitajua kamwe. Uso wake ukabadilika. Kwake mtu hachumbii mpaka koo zimeulizwa.

"Ala! Si ungesema tangu mwanzo kwamba ni mambo ya ukoo!"

Akapandisha kitenge, tukashuka kijitoni. Tuliwatafuta kwa nyayo, kama wanawake wa pale wanavyofanya: unakanyaga taratibu, ukihisi ukingo mgumu, unainama kuokota. Wachimbaji wakatutania kutoka juu.

"Mama, dhahabu iko huku!"

"Kaeni nayo!" akawajibu.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali shangazi alipopiga ukelele. "Mayu, mama yangu! Ameniuma!" Kombe mmoja, hai, amembana kidole. Nilimkumbatia shangazi pamoja na matope yake, kisha nikamtia yule kombe kwenye spiriti.

Mwaka uliofuata mhadhiri alipitia Shinyanga akanichorea matokeo. Wa kijitoni hana udugu wa karibu na wa ziwani hata kidogo! Ndugu zake wako kwenye mito inayoelekea Ziwa Tanganyika, ziwa jingine kabisa, wana maganda marefu na membamba, ukiwaona huwezi kudhani. Sasa waliachanaje, na mito yenyewe haikutani? Pengine zamani sana maji yale yaliungana, alisema, hata yeye hajui bado. Niliwaza hilo mpaka maharage yakaungua jikoni.

Likizo ilipofika nikapanda basi kumpelekea shangazi habari. Nyuma ya nyumba hapakuwa na kijito tena, ni mashimo na tope zito. Tuliingia hivyo hivyo, tukakanyaga huku na huku mpaka miguu ikauma. Hatukugusa kitu. Tukakaa ukingoni, nikamweleza ukoo wote, naye akasikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo watu wake wako Tanganyika."

"Ndiyo, shangazi."

Akajifuta tope miguuni, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Basi wapelekewe habari za msiba."