Upande Aliosimama Kocha

Wiki ya mwisho ya ligi, kila mtu Uyole, Mbeya, alikuwa na maoni yake. Sokoni, wapakiaji walishona lumbesa za viazi, magunia yaliyojazwa kupita kiasi, huku wakibishana. Kwenye vibanda ambako madereva wa malori hula chipsi, mabishano yalikuwa yaleyale. Timu ya wanawake ya softiboli italeta kombe, au itatazama wenzake wakilibeba? Ilikuwa imebaki mechi moja, ya ugenini, Iringa. Wakishinda, kombe lao. Wakishindwa, kombe linabaki hukohuko Iringa.

Zamani watu wa Uyole hawakuujua mchezo huu. Sasa hata bibi anayeuza mkaa anaweza kukueleza kuwa softiboli ni ndugu wa besiboli: mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia vituo vitatu mpaka arudi nyumbani alikoanzia. Kila anayefika nyumbani ni pointi.

"Mimi nawapa nafasi ndogo," alisema mpakiaji mmoja, sindano ya gunia mdomoni. "Yule mrushaji wao, Tumpe, tangu aolewe mkono umelegea."

"Ana mimba," mwenzake akajibu.

"Nyie wanaume," mama mwenye viazi akawakata, "mwanamke akishindwa kitu mnakimbilia tumbo lake. Shona gunia langu."

Lutengano aliyasikia yote. Alikuwa akipiga lipu kwenye ukuta wa duka la jirani, mgongo wake kwao, na hakuna aliyejali kumuuliza, ingawa kocha wa timu ile alikuwa yeye. Watu walikuwa wamezoea kwamba Lutengano haulizwi. Ukimuuliza anatazama viatu vyake, na jibu likija linakuja kesho.

Alimaliza darasa la saba akaingia kwenye ufundi, na kazi ndiyo iliyompeleka kwenye mchezo. Alikuwa kijana, anajenga uzio wa shule moja pale Iyunga, na mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha wanafunzi besiboli hakuwa na mtu wa kudaka mipira yake ya kasi. Akamwita fundi. Lutengano akaenda na mikono yake iliyokomazwa na saruji, akadaka. Siku hiyo aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona popote: kwamba katika mchezo huu kocha hapigi kelele. Anazungumza kwa mikono. Akigusa kofia, maana yake rusha kwa kasi. Akishika sikio, rusha taratibu, mpira uzame. Akijipangusa kifua, mpitishie mbali. Kwa mtu ambaye hata kuomba chumvi mezani kulimtia jasho, ilikuwa kama amefunguliwa mlango.

Mgeni aliondoka, miaka ikapita, Lutengano akabaki na mchezo. Alifundisha wengi, lakini hakuna aliyeisoma mikono yake kama Tumpe. Binti huyo alilelewa na bibi yake milimani Rungwe, akaja Uyole kufanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wengine walihitaji ishara irudiwe. Tumpe alitazama mara moja, akagonga glavu kwenye paja lake, ndilo lilikuwa jibu lake: nimeelewa. Misimu mitatu walizungumza hivyo, yeye kwenye duara la kurushia, Lutengano amesimama karibu na kituo cha tatu, na pengine maneno waliyowahi kuambiana kwa mdomo hayazidi salamu. Nyumbani Sekela, mkewe, alikuwa akimtania: "Baba Jofrey, huyo binti unaongea naye kuliko mimi."

Kisha Jofrey, mwanawe wa kwanza, akaanza kuja mazoezini kubeba mifuko ya vifaa bila kuombwa. Baada ya Pasaka yeye na Tumpe wakafunga ndoa, wakapanga chumba Iyunga.

Lutengano alifurahi. Hakufikiria mbele zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye, kwamba yeye Mnyakyusa mwenye umri ule hakulifikiria. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwanao hakutazami. Mkikutana njiani anatoka njiani. Hakusemeshi, halitamki jina lako. Mjini wengi wameacha, na kanisani mchungaji amekwisha kusema si lazima. Lakini Tumpe alifundishwa na bibi yake, na mafunzo ya bibi hayaondoki kwa tangazo. Jumapili ya kwanza baada ya harusi, Sekela aliona jambo. Wimbo wa Kinyakyusa ulipofika kwenye neno lutengano, ambalo maana yake ni amani, mkamwana wake alifumba mdomo, akaungana na wengine neno lilipopita.

"Nimemwambia aache hayo mambo," Jofrey alisema alipoulizwa. "Amenijibu kwamba baba sasa ni mkwe wake, si kocha tu. Nifanyeje?"

Hakukuwa na la kufanya. Lutengano akaamua ishara zipite kwa Devotha, mdakaji, ambaye anachuchumaa nyuma ya mpigaji akimwelekea mrushaji. Yeye ampe Devotha, Devotha ampe Tumpe. Ilionekana imetosha. Mechi mbili wakashinda kwa shida, na watu wakaanza kunong'ona kuhusu mkono wa Tumpe.

Madibira, kwenye mechi iliyofuata, ndiko jambo lilikojianika. Mabinti wa huko wanatoka kwenye mashamba ya mpunga, wana mbio, na wana macho. Waligundua kwamba mrushaji wa Uyole hageuzi kabisa uso wake kuelekea kituo cha tatu. Kocha wake amesimama pale. Basi kila aliyefika kituo hicho alinyata hatua kwa hatua, kisha akakimbilia nyumbani, na Tumpe, mpira mkononi, hakumwona. Lutengano alihamia upande wa pili wa uwanja. Tumpe akawa kipofu wa upande huo.

Pointi ya nne ilipoingia, Lutengano alisahau. Alimwona mchezaji wake amesimama peke yake katikati ya uwanja, mabega yameshuka, na akafanya kile ambacho kocha yeyote hufanya: alitoka kwenda kumtuliza. Tumpe aliona viatu vinakuja. Akarudi nyuma hatua moja, nyingine, akatoka kwenye duara. Lutengano, bado hajaelewa, akazidi kusogea. Tumpe akavuta kofia ikafunika uso, akaendelea kurudi nyuma, akapita kituo cha pili, akaingia kwenye majani marefu.

Vijana pembeni wakaangua kicheko. "Mrushaji anamkimbia kocha wake," mmoja akasema. "Kamlia mshahara huyo."

Kina mama waliokuwa wamekaa kwenye tuta hawakucheka. Mmoja wao aliinama, akatazama khanga yake, kama mtu aliyeona kitu kisichotakiwa kuonwa. Lutengano alisimama pale, mikono ikining'inia. Hakuwa na ishara ya jambo hilo. Akageuka, akarudi, na njia ile fupi ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Madibira yenyewe. Walishindwa.

Ndiyo sababu, siku ya Jumanne, Zabron, mwenyekiti wa timu, mwenye duka la spea, aliitisha kikao kwenye darasa la shule ya msingi. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Zabron alieleza kwamba lazima nafasi yao ipimwe bila kuoneana haya.

"Wapigaji wetu ni wazuri kuliko wao," alisema. "Wadakaji tuko sawa. Tatizo ni mrushaji. Mimi napendekeza Tumpe apumzike, Iringa aanze Esta."

"Esta bado mchanga," Devotha akasema. "Watampiga mpaka tuone aibu kurudi."

"Sasa yule mwingine anakimbilia majanini, Devotha. Tumpeleke huyo?"

Tumpe hakuwepo. Asingeweza kukaa chumba kimoja na baba mkwe wake. Zabron akageuka. "Kocha. Leo tunaomba useme. Tuna nafasi au hatuna?"

Lutengano aliangalia viatu vyake. Vilikuwa na matone ya saruji. Alijua kwamba akinyamaza, kama alivyozoea, Esta ataanza, na Tumpe atarudi kwenye mashine ya mpunga akiamini mkono wake umekufa. Watu wataamini hivyo. Jofrey ataamini hivyo.

"Mkono wa Tumpe hauna kasoro," alisema.

Nje mtu alikuwa akipitisha mbuzi.

"Iringa watashinda kama mimi nitakuwa nimesimama pale," akasema tena. "Atakapokuwa anarusha, kuna upande hauoni. Ni upande niliopo mimi. Nikiondoka ataona uwanja wote. Mkiniuliza nafasi, bila mimi tunayo. Pamoja na mimi hatuna."

Zabron alielewa. Si Mnyakyusa, ni Msafwa, lakini naye ana wakwe.

"Kocha, umeijenga hii timu," alisema, sauti imeshuka.

"Nimejenga nyumba nyingi. Silali ndani yake."

Siku zilizobaki alimfundisha Devotha uani kwake. Alimwonyesha lini aguse kofia, lini ashike sikio, na kwa nini. Sekela aliwaletea chai, akakaa akiwatazama, na mara hii hakutania.

Timu ilisafiri na basi lake. Lutengano na Sekela walitangulia kwa basi lingine. Uwanja wa Iringa ulikuwa na stoo ya matofali nyuma ya wapigaji, na Lutengano alikwenda kukaa nyuma yake, juu ya mawe, uso ukielekea barabarani. Sekela alikwenda kukaa na watu. Ukuta wa stoo ulikuwa umepigwa lipu vibaya. Mkono wake ukawa unapapasa nyufa bila yeye kujua.

Hakuona chochote. Lakini miaka yote ile ilikuwa imemfundisha masikio. Mpira wa kasi unapoingia kwenye glavu ya Devotha hulia pa, mkavu. Ule unaozama hulia chini, kama ngumi kwenye unga. Alisikia pa. Alisikia pa nyingine. Kisha ule wa unga, palepale ambapo na yeye angeshika sikio. Baadaye ikaja sauti aliyokuwa akiingoja: miguu ikikimbia, Devotha akiita kituo cha tatu, mpira ukigonga glavu ya huko, na mwamuzi akitamka kwamba mkimbiaji ametoka. Tumpe alikuwa ametazama upande ule.

Watu wa Iringa walishangilia sana mwanzoni, halafu kidogo kidogo. Mwisho kabisa ilisikika pa moja, na baada yake uwanja mzima ukanyamaza. Lutengano akainamisha kichwa. Wenyeji hawanyamazi wanaposhinda. Kisha zikaja sauti chache tu, za wasichana, zikilia na kucheka kwa pamoja, akazijua moja moja.

Alikaa. Hakuna aliyekuja mara moja, na alijua kwamba ndivyo itakavyokuwa sasa, kwamba furaha za timu ile zitamfikia zikiwa zimepoa. Mwisho Sekela akatokea kwenye kona ya stoo. Nyuma yake kwa mbali kulikuwa na mtu, amegeuka, mgongo kwao, kofia imeshushwa.

Tumpe alikuwa ametandika kitambaa chini kwenye majani, kama anavyotengewa baba mkwe chakula, na juu yake ulikuwepo mpira wa mechi.

"Mke wa mwanao amesema," Sekela alianza, kisha akasita. "Hakusema mengi. Ameniomba nikuite tu."

Lutengano alikwenda, akainama, akauokota. Ulikuwa bado na joto la mikono. Akausugua kwa dole gumba kwenye mshono.

Kule mbali, bila kugeuka, Tumpe aligonga glavu kwenye paja lake.

Lutengano alisimama mpaka binti alipotembea kuwafuata wenzake. Sekela akakikunja kitambaa, akakiweka kwenye mkoba.

"Twende, Baba Jofrey," alisema. "Basi la Mbeya halitatungoja."