Nilivyotumwa Mbarara Mikono Mitupu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1998, nilifika kanisani Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nimevaa kitenge changu kizuri, Biblia kwapani, nikidhani nitahubiri. Mchungaji Kiongozi, mzee wa Uvira kule Kongo, alinipa ndoo. Kanisa letu la Nakivale lilikuwa turubai juu ya miti, na sakafu ya udongo ilitaka kunyunyiziwa maji, la sivyo tungeimba huku tunakohoa vumbi. Ninyi vijana wa vipaza sauti mjue: mwinjilisti wakati ule alikuwa mtu wa kutumwa. Alifagia, aliuguza, alizika, na nafasi ikipatikana alihubiri. Nilinuna, lakini nilifagia.

Mzee yule nilimpenda sana, ingawa alinichosha. Alikuwa na utaratibu wake: mwinjilisti akipelekwa mahali papya, habebi chakula wala vyombo. Anaingia akiomba.

"Ukienda na mikono yenye kujaa," alituambia, "batu batakufuata juu ya vitu. Enda hivyo hivyo, Mungu atatafuta mwenye kukupokea."

Nilipokwisha kuzoea kwaya yangu na shamba langu la maharage, akaniita. "Mama Neema, utaenda Mbarara. Ku hospitali kuko mama wa kwetu, Mapendo. Bamemupasua, mutoto amekufa, na hana mutu."

Mgonjwa wa kutoka kambini alihitaji mlinzi, yaani ndugu wa kumpikia, kumfulia na kumgeuza kitandani. Ndugu za Mapendo walikuwa wamebaki Kongo, makaburini. Nilimkuta amegeukia ukuta, hasemi, hali. Daktari wa zamu aliniambia wazi kwamba asipokula atatuponyoka. Niliogopa.

Nikashuka mtaa wa Nyamityobora kuomba, na aibu ilinishika, maana mkimbizi huwa ameshaomba vya kutosha. Mlango wa kwanza walinifukuza. Wa pili ulikuwa wa Hajati, mama Mwislamu aliyeuza mkaa, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani.

"Nyabo, nataka nini?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni; nyabo kwao ni mama.

"Naomba sufuria na moto kidogo, Mama. Kuko mugonjwa hospitali, hana mutu wa kumupikia."

"Wewe ndugu yake?"

"Hapana. Kanisa ndiyo imenituma."

"Kanisa natuma wewe bila sufuria?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho. "Bambi, maskini. Mimi nafunga, lakini mgonjwa hapana funga. Ingia."

Aliwasha sigiri, lile jiko la mkaa, akatoa unga wake mwenyewe na kukoroga uji. Mimi nilipuliza moto nikiomba kimoyomoyo, na midomo yake nayo ilikuwa ikicheza kwa dua. Uji ulipoiva alininyooshea kijiko.

"Onja."

"Siwezi, Mama. Na mimi nafunga, juu ya Mapendo."

Tukatazamana, tukacheka. Tukaupeleka hivyo hivyo, Hajati kabeba sufuria, mimi kikombe.

Nilimwinua Mapendo, nikamtia kijiko kinywani. Akameza. Uso ukamkunjamana, akanigeukia kwa hasira.

"Nani amepika hii? Iko chumvi tupu!"

Hajati alipiga yowe. Alikuwa ametia chumvi badala ya sukari. Mimi nililia kwa furaha mbele ya wodi nzima. Mapendo aligomba mpaka Hajati akakimbilia dukani kununua sukari, na uji wa pili akaumaliza, bado anagomba.

Niliendelea kuuguza wagonjwa wetu Mbarara, chini ya wachungaji viongozi wengine, mpaka magoti yaliponistaafisha mwaka 2014. Mapendo yuko Kashojwa, analima, na bado ni mkali. Hajati alibaki dada yangu, kila mmoja katika dini yake. Vijana huniuliza ni wangapi niliwaleta kwa Bwana. Sijui. Ninachojua ni kwamba kama siku ile ningekwenda na sufuria yangu, ningempikia Mapendo uji mtamu, naye angeuacha upoe.