Ng'ombe Aliyejua Kufungua Mlango

Nsajigwa wa Ndandalo alikuwa na upendeleo usio na haya kwa ng'ombe mmoja, jike jeusi aliyemwita Mahala, yaani akili. Siku hizo watu walilala nyumba moja na mifugo yao, na Mahala alikuwa amejifunza kuinua gogo la mlango kwa pembe. Kila alipoliinua, Nsajigwa alimlisha ndizi mbivu na kuwaita majirani waje wajionee.

Wajerumani wakiwa bado wageni nchini, sotoka, tauni ya ng'ombe, ikaingia. Mabonde yakanuka mizoga. Nsajigwa hakuwa mjinga: aliwafungia ng'ombe wake ndani, akawakatia majani na kuwachotea maji mwenyewe mpaka mgongo ukamuuma, maana hao ndio waliokuwa mahari ya mwanawe Asajile. Wangekufa, kijana angeota mvi bila mke.

“Baba Asajile, yule mweusi mfunge kamba,” mkewe Atuganile alimwambia.

“Nimfunge kama mwizi? Yule anaelewa mambo kuliko mimi na wewe.”

Ndivyo alivyosema, mwanamume mzima! Asubuhi moja alikwenda kukata majani, Atuganile akiwa mtoni. Ng'ombe wa jirani wakalia huko bondeni, kwenye udongo wa magadi. Mahala akaliinua gogo, akatoka, wenzake wakamfuata. Nsajigwa alipowakuta, walikuwa wakilamba udongo mmoja na ng'ombe wanaotokwa na makamasi na machozi.

Walikufa mbele ya macho yake. Mahala alichelewa kukata roho, na Nsajigwa alikaa kando yake akilia kwa hasira.

“Nilikulisha kwa mkono wangu huu,” alimwambia. “Mwenye akili wee! Umeniuza.”

Jambo hilo lilimchoma moyo kama usaliti wa ndugu wa tumbo moja, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ng'ombe hana kosa.

Alibaki mtamba mmoja zuzu. Siku ile mlango ulipokuwa wazi alisimama palepale akiikodolea macho nguzo, wala hakujua kwamba wenzake wameondoka. Nsajigwa, ambaye miaka yote alikuwa akimcheka, alimshika kamba akamkabidhi mwanawe.

“Mahari yako ndiyo hii. Usubiri azae.”

Asajile alimpapasa mtamba shingoni. “Tata, nimpe jina gani?”

“Usimpe,” Nsajigwa alisema. “Na usimfundishe kitu.”